Simu mpya ihesabiwe kwa miaka, si kwa mng'aro wake

Siku wanafunzi walipokuwa wakirejea shuleni mnamo Januari 2026, nilisimama mbele ya dirisha la mhasibu wa shule anakosoma binti yangu, simu mkononi, na foleni ya wazazi ikirefuka nyuma yangu. Fedha za karo zilikuwamo katika akaunti yangu ya benki. Hata hivyo, programu ya benki niliyoizoea kwa miaka mitano ilikataa kufunguka. Iliniandikia kwa maneno machache tu kwamba simu yangu imepitwa na wakati na kwamba haitahudumiwa tena.

Niliizima simu, nikaiwasha. Niliwaomba radhi waliokuwa nyuma yangu, nikajaribu tena. Mwishowe binti yangu alikaa juu ya sanduku lake nje ya ofisi kwa muda wa saa tatu, huku baba yake akiabiri matatu kwenda mjini kupanga foleni ndani ya benki, kama tulivyokuwa tukifanya miaka thelathini iliyopita.

Simu hiyo haikuwa imevunjika. Kioo chake kilikuwa kizima, betri yake ilimaliza siku nzima na sauti yake ilisikika barabara. Niliinunua mwaka 2020, ndani ya kasha ambalo halikuwa limefunguliwa na mtu. Jambo nisilolijua siku hiyo ni kwamba programu endeshi iliyokuwamo ndani yake, Android 8.1, ilikuwa imetolewa mwaka 2017. Nilinunua kitu kipya kwa nje na kikuukuu kwa ndani. Muuzaji hakunitanabahisha, nami sikuuliza.

Ndugu msomaji, huko kutouliza ndiko kulikonisukuma kuandika makala haya. Ninawalenga hasa walimu wenzangu na wanafunzi wetu, kwa kuwa sisi ndio ambao simu imegeuka kuwa ofisi yetu pasipo kutuomba idhini. Mwalimu wa leo hutazama hati yake ya mshahara katika mtandao wa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Hujaza humo humo fomu za kutathminiwa kazini. Huwasilisha alama za wanafunzi wake kwa Baraza la Mitihani, KNEC, aghalabu kwa simu iyo hiyo anayotumia kumjulia hali mama yake kijijini. Mwanafunzi naye huomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS na mkopo wa masomo kupitia HELB. Ikiwa simu hiyo itafungiwa milango, si mazungumzo pekee yatakayokatika.

Baada ya fedheha ya siku ile nilifunga safari hadi barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, ambako maduka ya vifaa vya umeme yamebanana kama njugu katika ganda. Kijana mmoja alinipokea kwa ukarimu, akanivulia mfululizo wa simu zinazometameta. Alizisifu kwa lugha tamu. Hii, alisema, ina kamera ya megapikseli 50. Ile ina kumbukumbu ya gigabaiti 16. Ya tatu ni moto wa kuotea mbali.

“Kijana wangu,” nikamwuliza, “simu hii itaendelea kupata visasisho hadi mwaka gani?”

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza umri wa nyanya yake. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwenye duka. Hatimaye kijana akarejea akitabasamu: “Mzee, swali hilo halijawahi kuulizwa hapa. Lakini ukichukua hii nitakupa kava ya bure.”

Niliondoka bila simu na bila kava. Nikiwa ndani ya matatu niliwaza kwamba kijana yule hakuwa na hatia. Muuzaji hujifunza yale yanayoulizwa na wateja wake. Kama sisi tunauliza kamera na rangi, atatujibu kamera na rangi. Kosa ni letu sote tunaonunua simu kama tunavyonunua kitambaa cha dirisha, kwa macho na kwa vidole.

Je, visasisho hivyo ni nini hata nivishikilie hivi? Programu endeshi ni kazi ya mikono ya binadamu, na kazi ya binadamu haikosi nyufa. Kila uchao hugunduliwa mahali ambapo mdukuzi anaweza kupenya akasoma ujumbe wa mtu, akanasa nambari zake za siri au akahamisha fedha zake. Mwaka 2015 wataalamu walifichua ufa mmoja uliopewa jina la Stagefright, ambao ulimwezesha mtu mbaya kuishambulia simu ya Android kwa kuitumia tu ujumbe wa picha au video. Kuanzia Agosti mwaka huo, kampuni ya Google, ambayo ndiyo mwenye Android, ikaanzisha utaratibu wa kutangaza kila mwezi nyufa zilizopatikana na viraka vya kuziziba.

Lakini kiraka hakitoki kwa Google kikaja moja kwa moja katika simu ya mwalimu wa Kitui. Kwanza hupitia kwa waunda vipuri vikuu vya simu, mathalani Qualcomm, MediaTek au Unisoc, wakihakikishe kwamba kinakubaliana na vipuri vyao. Kisha hupitia kwa kampuni iliyotengeneza simu yenyewe, ikirekebishe, ikijaribu na kukituma. Kila hatua ina gharama, ilhali mnunuzi alilipa mara moja tu. Ndiyo maana kampuni nyingi huzitelekeza simu zao za bei ya chini mapema, wakati mwingine kabla mwenye simu hajafikisha mwaka wa pili tangu ainunue.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tofauti ni kwamba ufa wa nyumba yako waweza kuuziba mwenyewe kwa udongo na mikono yako. Ufa wa simu huwezi. Humngojea aliyeiunda, naye akishanyamaza, huna la kufanya ila kuishi katika nyumba isiyo na komeo.

Kuna atakayeniambia kwamba huu si wakati wa kuchagua, kwa kuwa bei zimepaa. Ni kweli zimepaa, na yafaa tujue sababu. Tangu miezi ya mwisho ya 2025, gharama ya vipuri vya kumbukumbu imepanda kwa kasi katika masoko ya dunia. Sehemu kubwa ya vipuri hivyo huundwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Majumba makubwa ya mitambo ya akili unde yanayojengwa ng'ambo yanahitaji kumbukumbu kwa wingi usio na kifani, nayo hulipa vizuri kuliko sisi. Kampuni hizo zikaelekeza viwanda vyao huko kwenye faida. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba itaacha biashara yake ya kuwauzia wananchi wa kawaida kumbukumbu kwa jina la Crucial.

Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Katika simu ya bei kubwa, kumbukumbu ni sehemu ndogo ya gharama yote, na nyongeza yaweza kumezwa na faida. Katika simu ya maskini, kumbukumbu ni sehemu kubwa, na faida ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kwa hivyo simu inayopanda bei kwa uchungu zaidi ni ile ya mwanafunzi na ya mwalimu aliyeajiriwa juzi.

Serikali nayo iliuongeza mzigo huo. Mwaka 2022 sheria ya fedha iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa simu za mkononi zinazoagizwa kutoka nje, juu ya kodi ya VAT ya asilimia 16. Nakiri kwamba palikuwa na juhudi za upande wa pili pia. Oktoba 2023 Rais William Ruto alizindua kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, na simu zilizotangazwa siku hiyo ziliwekewa bei isiyofika shilingi 10,000. Hilo lilistahili pongezi. Ila swali langu la Luthuli lafaa kuulizwa hata mlangoni pa kiwanda cha nyumbani: visasisho hadi mwaka gani?

Bei inapopanda, hila nazo huongezeka. Tazama ile simu ya gigabaiti 16 niliyosifiwa. Nilipolisoma kasha kwa miwani, niliona imeandikwa 8 kuongeza 8. Nane za kwanza ndizo kumbukumbu halisi. Nane za pili ni sehemu ya ghala la kuhifadhia picha na faili iliyoazimwa ili isaidie kazi ya kumbukumbu, na mwendo wake ni wa kobe ukilinganishwa na kumbukumbu yenyewe. Si uongo, kwa sababu imeandikwa. Wala si ukweli, kwa sababu imeandikwa ili isomwe vibaya.

Ndivyo ilivyo pia kwa megapikseli. Wingi wake pekee hauleti picha nzuri, kama vile wingi wa kurasa hauleti insha nzuri. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Yapo na mabaya zaidi ya hila. Mwaka 2020 kampuni ya usalama wa mitandao iitwayo Upstream ilieleza kwamba ilipata programu haribifu, Triada na xHelper, katika simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi za Afrika zikiwamo Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Programu hizo ziliwasajili wenye simu katika huduma za kulipia pasipo wao kujua, na salio likawa linayeyuka. Transsion, kampuni inayomiliki jina la Tecno, ilisema lawama ni ya mhusika mmoja katika msururu wa wauzaji. Sikitaji kisa hiki ili kuichafulia jina kampuni moja. Nakitaja kwa sababu kinafundisha kwamba mwizi aweza kuwa ndani ya kasha kabla ya kasha kufunguliwa, na kwamba wanaolengwa ni wale wasioweza kununua simu ya pili.

Basi tuchague vipi? Mimi ni mwalimu, na nitatoa jibu kwa njia ya hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la sita ataimudu.

Chukua bei ya simu, igawanye kwa idadi ya miaka ya visasisho vya usalama iliyosalia. Tuseme simu ya kwanza inauzwa shilingi 14,000, na kampuni imeahidi kuilinda kwa miaka 2. Kila mwaka wa amani utakugharimu shilingi 7,000. Simu ya pili inauzwa shilingi 24,000, na imeahidiwa miaka 6. Lakini usigawanye kwa 6 haraka haraka. Ahadi hizi aghalabu huhesabiwa tangu siku mtindo huo ulipozinduliwa duniani, wala si siku wewe ulipolipa. Ikiwa ilizinduliwa mwaka mmoja uliopita, imebaki miaka 5. Gawanya: shilingi 4,800 kwa mwaka. Simu iliyoonekana ghali imekuwa rahisi, na ile rahisi imekuwa ghali.

Ahadi za miaka mingi si ndoto. Oktoba 2023 Google iliahidi miaka 7 kwa simu yake ya Pixel 8. Januari 2024 Samsung ikafuata kwa miaka 7 katika Galaxy S24. Hizo ni simu za wenye uwezo, nami sizitaji ili tuzitamani. Muhimu ni kwamba mwaka huo huo wa 2024 Samsung iliahidi miaka 6 kwa Galaxy A16, simu ya daraja la chini zaidi. Kumbe inawezekana. Kampuni ambayo haiahidi haikosi uwezo. Imekosa mtu wa kuiuliza.

Hesabu hiyo hiyo itakuongoza katika simu zilizotumika ng'ambo zikaletwa huku, zikang'arishwa na kuuzwa upya. Simu iliyokuwa ya kifahari mwaka 2020 itakuvutia kwa kamera yake na wepesi wake, na bei yake itakupendeza. Ulizia mwaka iliozinduliwa na miaka iliyoahidiwa. Ukikuta imebaki miezi minne, jua kwamba unanunua gari zuri lenye breki za miezi minne.

Ukiwa dukani unaweza kujihakikishia mambo mawili bila fundi. Ingia katika mipangilio ya simu, fungua sehemu inayohusu simu yenyewe, utaona toleo la Android na tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Ikiwa tarehe hiyo ina umri wa mwaka mzima, rudisha simu mezani. Kisha bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya utambulisho wa simu. Ilinganishe na ile iliyochapishwa kwenye kasha. Zikitofautiana, aga kwa heshima uondoke.

Niruhusu, msomaji, niseme neno kuhusu simu za mkopo, kwa maana hapa ndipo vijana wetu wanapoumizwa. Mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, alichukua simu kwa kutanguliza shilingi 2,500 na kulipa shilingi 65 kila siku kwa mwaka mmoja. Sitaitaja kampuni iliyomkopesha. Shilingi 65 ni bei ya chai na mandazi, na aliuona mpango huo mwepesi. Tulipoketi naye sebuleni kwangu tukapiga hesabu, 65 mara 365 ni 23,725. Ongeza kitangulizi, jumla ni 26,225. Simu iyo hiyo kwa fedha taslimu ilikuwa ikiuzwa shilingi 16,000.

“Mjomba,” aliniambia, “ningezitoa wapi 16,000 kwa siku moja?”

Sikuwa na jibu, na nakiri kwamba sina mpaka leo. Aliyeishiwa na fedha hununua kila kitu kwa bei ya juu, kuanzia sukari ya kupimiwa kwa kijiko hadi simu. Jambo lililonihuzunisha zaidi ni kwamba alipokosa kulipa kwa siku mbili, simu ilijifunga usiku ambao alipaswa kuwasilisha kazi yake kwa mhadhiri. Aliiandika upya kwa simu ya rafiki yake hadi saa tisa za usiku. Na simu yenyewe, tulipoikagua, ilikuwa haijapata kiraka hata kimoja tangu aichukue. Aliyeiunda alikuwa ameshaisahau, ilhali aliyeiuza hakuisahau hata siku moja.

Kwa mtu wa hali hiyo, ushauri wa kununua simu ya shilingi 24,000 ni sawa na kumshauri mwenye njaa ale nyama. Mwalimu mmoja mwenzangu alinikosoa hivyo katika chumba cha walimu, na alikuwa na haki. Nami nikamjibu hivi. Asiyeweza kununua miaka mingi na apunguze yale anayoyaweka ndani ya simu. Fedha zake azitume kwa njia ya menyu ya kadi ya simu, ambayo hufanya kazi hata katika ile simu ndogo tuiitayo mulika mwizi. Alama za wanafunzi azinakili pia katika daftari, kama walivyofanya waliotufundisha. Asipokee programu inayotumwa na rafiki katika WhatsApp, hata kama rafiki huyo ni mwalimu mkuu. Na kama fedha zinaweza kungoja, afadhali angoje miezi mitatu akiweka akiba katika chama kuliko kuburura deni la mwaka mzima.

Lakini ushauri huu una mipaka, na hapa ndipo ninapofikia kiini cha makala yangu. Haifai mzigo wa kujua uwekwe wote juu ya kichwa cha mnunuzi. Mkebe wa maziwa huandikwa siku yatakapoharibika. Dawa ya kikohozi huandikwa. Hata mkate huandikwa. Simu inayobeba mshahara wa mtu haiandikwi siku ambayo ulinzi wake utakoma, na sote tumenyamaza kana kwamba ni maumbile.

Wengine hawakunyamaza. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria inamlazimu mtengenezaji wa simu kutangaza muda wa chini kabisa atakaoendelea kutoa visasisho vya usalama. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa katika soko lake lazima zihakikishiwe visasisho kwa miaka isiyopungua 5, na miaka hiyo huhesabiwa tangu mtindo huo unapoacha kuingizwa sokoni. Vipuri navyo lazima viendelee kupatikana kwa miaka 7. Kampuni nyingi zinazotii masharti hayo Berlin ndizo zinazouza simu Bungoma. Ikiwa zinaweza kumhakikishia Mjerumani, zinaweza kumhakikishia Mbukusu.

Wala hatuhitaji kutunga haki mpya. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma anazonunua. Mamlaka ya Mawasiliano, CA, tayari ndiyo inayoziidhinisha simu kabla ya kuuzwa nchini. Naiomba iongeze sharti moja jepesi: kila kasha la simu liandikwe, kwa tarakimu zinazosomeka bila miwani, mwezi na mwaka ambapo visasisho vya usalama vitakoma. Sharti hilo halitapandisha bei hata kwa shilingi moja. Wino ni ule ule uliotumika kuandika 8 kuongeza 8.

Watu watasema kwamba Serikali haisikii. Yaweza kuwa hivyo. Lakini soko husikia. Walimu wa nchi hii ni mamia ya maelfu, na wanafunzi wetu ni mamilioni. Kila mmoja wetu akiingia dukani na kuuliza swali moja kabla ya kuuliza bei, haitapita miaka miwili kabla wauzaji wa Luthuli kuanza kulijibu kwa ufasaha. Walimu wa hisabati na walipe swali hilo darasani kama zoezi la kugawanya. Walimu wa Kiswahili na walipe kama mada ya mjadala. Mtoto akilijua leo, atamwuliza baba yake siku ya kununua.

Mimi nilinunua simu mwishowe, baada ya majuma matatu ya kuazima ya mke wangu. Haina kamera ya kujivunia, na rangi yake ni nyeusi tu kama sufuria. Ilinigharimu zaidi ya nilivyokusudia, nikaahirisha kununua viatu. Lakini kabla sijalipa niliomba tuisome pamoja na muuzaji ahadi ya kampuni, tukahesabu tangu siku ilipozinduliwa, na tukaafikiana kuhusu mwaka.

Mwaka huo nimeuandika kwa wino juu ya kasha, na kasha nimeliweka kabatini pamoja na vyeti vyangu vya shule. Ni mwaka 2030. Binti yangu atakuwa ameshamaliza shule ya upili. Naomba kwamba siku atakapokwenda kununua simu yake ya kwanza, akute mwaka umeshaandikwa.